Wiki Mbili Bila Kuzimika

Jumatatu, 4 Machi 2002

Nimeiwasha upya seva, mashine ya barua pepe za wateja, baada ya chai ya asubuhi. Hesabu imerudi mwanzo. Wiki mbili bila kuzimika, ndivyo walivyoandika Dar, na mara mbili sasa haikufika hata nusu.

Mzigo kama kawaida. Kompyuta ya mapokezi inaitumia seva barua pepe za uongo mfululizo, mimi naangalia inavyohema. Kumbukumbu inatosha. Diski haichelewi. Nimeondoa vitu vingi ambavyo mfumo huja navyo na sisi hatuvihitaji, ili nguvu yote iende kwenye barua za wateja. Inakwenda haraka kuliko wiki iliyopita. Haraka si tatizo. Tatizo ni kusimama.

Mama Ponsiana amedeki chumba, akafuta vumbi juu ya seva kwa kitambaa kikavu kama nilivyomwomba. Yeye ndiye mapokezi, yeye mfagiaji, yeye mtunza funguo. Ofisi nzima tuko wawili.

Mvua tangu saa nane. Nimekunywa chai nikaimaliza. Editha, mke wangu, hakuwa anamaliza chai. Aliacha kidogo chini ya kikombe, siku zote. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Jumanne, 5 Machi

Inakwenda.

Kimaro, meneja wetu wa Dar, amepiga simu. Karudia aliyosema Januari. Seva ikiweza kusimama hapa, wateja wa Songea watahudumiwa na Songea. Ikishindwa, ofisi inafungwa mwisho wa mwezi, seva inarudishwa Dar, na mimi narudishwa nayo. Alisema "unarudishwa" kama anazungumzia kifurushi. Si mtu mbaya. Ana haraka tu.

Sitaki kwenda Dar. Naandika hapa ili nisilazimike kumwambia mtu. Mwanangu Skolastika yuko Maposeni kwa bibi yake, mama mzazi wa Editha. Ana miaka sita. Nikiwa hapa Msamala naenda kumwona kila Jumapili. Nikiwa Dar nitakuja Krismasi, na yeye atanipa shikamoo kama anavyompa mgeni. Kumchukua siwezi. Kule sina mtu wa kukaa naye, na bibi yake ameshampoteza mmoja.

Kaburi la Editha nalo liko Maposeni. Basi, ndiyo hivyo.

Jumatano, 6 Machi

Imeanguka.

Mchana nilikwenda mjini kwa wateja. Niliporudi nikakuta inakagua diski. Mashine ikizimika ghafla, ikiwaka hukagua diski nzima kwanza, kama mtu aliyeamka usingizini anapapasa mifuko yote. Ukaguzi uliendelea mpaka kiatu changu kikakauka. Barua zilizokuwa zinaandikwa wakati ule zimeharibika. Moja ilikuwa ya Bwana Nchimbi, muuza mbegu. Amekuja mwenyewe, mwavuli unachuruzika maji juu ya sakafu iliyodekiwa.

"Fundi, barua yangu imeliwa na nani?"

Mama Ponsiana akamjibu kabla yangu: "Labda ilikuwa tamu."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nimeona aibu. Nimeandika ile barua upya kwa mkono wangu, yeye akinisomea.

Alhamisi, 7 Machi

Umeme wa mji huu unatoka kwenye majenereta, na unakatika. Hilo kila mtu analijua. Ndiyo maana seva ina kisanduku cha betri. Nimechomoa waya ukutani nijaribu. Betri imeibeba seva mpaka nimemaliza chai na mandazi. Kwa hiyo betri ni nzima.

Nimemuuliza Mama Ponsiana kama jana mchana umeme ulikatika. Amesema haukukatika. Ajabu, maana nilipokuwa narudi niliona mashine ya kusaga ya Bwana Ngonyani, ng'ambo ya barabara, imenyamaza, na kina mama wamesimama nje na ndoo zao. Nilidhani umeme. Pengine mkanda wa mashine yake ulikatika.

Mara zote tatu seva imeanguka mchana, baada ya saa saba. Nadhani ni joto.

Ijumaa, 8 Machi

Joto. Nimefungua kifuniko, nimepuliza vumbi. Nimeweka feni ya pili, ya mtumba, ina sauti kama debe lenye changarawe. Mlango wa chumba cha seva sasa unabaki wazi mchana kutwa ili hewa ipite. Kelele inafika barabarani. Sijali.

Sina hakika kama joto ndilo. Kipimo hakionyeshi kitu cha kutisha. Ila sina lingine.

Jumamosi, 9 Machi

Siku nzima ofisini peke yangu. Nimebadilisha namna mfumo unavyoandika kwenye diski. Kwa namna mpya, kabla ya kufanya jambo mashine huandika pembeni inachotaka kufanya, ndipo inafanya. Ikikatizwa katikati, ikiamka husoma yale ya pembeni na kuendelea. Haikagui diski nzima. Barua inakuwa imeingia au haijaingia. Hakuna nusu.

Nilihamisha barua zote za wateja kwenye diski nyingine kwanza. Zote zimerudi salama.

Hii haizuii kuanguka. Inasaidia kuinuka tu. Dar hawakuuliza habari za kuinuka.

Jumapili, 10 Machi

Maposeni. Misa ya kwanza, kisha nyumbani kwa mama mkwe. Skolastika ameng'oka jino la mbele. Amelihifadhi kwenye kopo la maziwa ambalo Editha alikuwa anawekea vifungo. Vifungo bado vimo. Kuna kimoja cha shati langu la harusi, sijui kilikatika lini.

Mahindi yamezaa vizuri. Nimekula mabichi ya kuchemsha mengi kuliko nilivyotaka kwa sababu mama mkwe alikuwa ananiangalia. Hakuuliza habari za Dar. Anajua. Alipokuwa ananisindikiza alisema tu barabara ya Dar ni ndefu. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeanza upya na mfumo mpya wa kuandika. Mzigo umeongezwa. Inakwenda vizuri mno.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimeandika mengi, nitachoka.

Imeanguka tena. Nisingejua kama nisingesoma taarifa zake. Nilitoka kwenda kula, nikarudi nikakuta kila kitu kinafanya kazi, feni inapiga debe lake. Lakini mashine huandika yenyewe saa iliyowaka, na ilionyesha imewaka muda si mrefu. Ilianguka na kuinuka bila mimi, na hakuna barua iliyopotea. Ile kazi ya Jumamosi imelipa. Ningefurahi kama mtihani ungekuwa huo.

Na tena, nilipotoka mgahawani, mashine ya kusaga ilikuwa imenyamaza. Safari hii sikupita. Nilivuka barabara nikamwuliza Bwana Ngonyani, ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga, kama umeme umekatika.

"Umeme? Umeme ulikuwepo, fundi. Nilizima mwenyewe. Maiti inapita barabarani mimi nasaga? We vipi?"

Nikamwuliza, na Jumatano iliyopita?

"Jumatano alipita yule mwalimu wa zamani. Nilizima. Wote tulizima."

Nikasema ahsante. Nikasimama pale kama mjinga. Mwanamke mmoja mwenye ndoo akaniambia nisogee, namkanyagia kanga.

Nikarudi ofisini nikaangalia kisanduku cha betri. Swichi yake iko mbele, kubwa, nyekundu, inawaka. Hata mtoto angejua pa kubonyeza. Nikamuuliza Mama Ponsiana. Hakuficha. Alishangaa kwamba nashangaa.

"Hukuniuliza, baba Skola. Uliuliza umeme."

"Sasa kwa nini unazima, mama?"

"Si inavuma? Inavuma kama basi la Mbeya. Maiti ya watu inapita, mimi nimeacha mlango wazi na hilo likinguruma? Nikizima redio nikaacha hilo, nimezima nini?"

Ananyanyuka, anazima redio, anazima seva, anasimama mlangoni. Msafara ukimalizika anawasha vyote viwili. Amefanya hivyo tangu seva ilipoletwa. Maziko ni mchana, na mchana mimi huwa sipo. Ndiyo joto lenyewe.

Nilitaka kukasirika. Nilikaa kwenye kiti nikasubiri hasira, haikuja.

Mwaka jana tulipompeleka Editha Maposeni, tulipita barabara hii hii, gari la kuazima, mimi nyuma pamoja na jeneza. Nakumbuka hapa Msamala palikuwa kimya. Nikamwambia shemeji, afadhali umeme umekatika. Nilidhani ni bahati. Kumbe Ngonyani alikuwa amezima, na mahindi ya watu yamo ndani ya mashine.

Nimemuuliza Mama Ponsiana kama anaikumbuka siku ile. Alisema: "Ya mama Skola? Nilizima redio. Hili jinamizi lako lilikuwa bado." Kisha akaenda kuchota maji.

Jumatano, 13 Machi

Sijaanza hesabu upya. Nimefikiri.

Kuihamishia seva chumba cha nyuma: paa linavuja. Kuifungia mlango: itapata joto la kweli sasa. Kuondoa feni ya mtumba: nimeiondoa, sauti imepungua nusu. Nusu iliyobaki ni feni zake za ndani. Nimeweka vipande vya godoro chini ya miguu ya seva. Nimezipunguza mwendo zile za ndani kidogo kidogo, huku naangalia kipimo cha joto. Joto linapanda. Nikazirudisha. Kimya na uzima wa mashine havikai chumba kimoja.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempigia Kimaro nikamweleza. Sikutaja mtu, nikasema "desturi ya hapa." Akajibu mara moja.

"Mashine haina msiba, Komba. Piga kufuli."

Nimenunua kufuli. Fundi seremala wa jirani ametengeneza kisanduku cha mbao kinachofunika swichi. Ufunguo nimeutia mfukoni. Mama Ponsiana aliangalia kazi yote mpaka mwisho, akasema kisanduku ni kizuri, kinafaa kwa kuku.

Hesabu imeanza leo. Wiki mbili zinaishia tarehe ishirini na nane, Alhamisi Kuu. Hakuna nafasi ya kuanza tena baada ya hapo. Kimaro atakuja mwenyewe siku za mwisho aone.

Jumamosi, 16 Machi

Inakwenda.

Jumatatu, 18 Machi

Msiba umepita. Nimebaki ofisini makusudi. Mama Ponsiana alizima redio, akaja hadi kwenye mlango wa chumba cha seva, akaangalia kisanduku cha mbao, akaniangalia. Akaenda kusimama nje.

Mashine ya kusaga ikanyamaza. Duka la viatu likanyamaza. Ilibaki yetu tu. Sikujua ina sauti kubwa kiasi hicho. Watu walikuwa wanaimba polepole nyuma ya gari, na mzee mmoja akageuza kichwa kutazama sauti inatoka wapi. Hakukasirika. Alitazama tu, kisha akaendelea na wenzake.

Seva haikuanguka. Mama Ponsiana hakuzungumza nami mpaka jioni. Jioni alisema "Haya, kwaheri," bila kuniita baba Skola.

Jumanne, 19 Machi

Inakwenda. Nimejaribu kuweka kitambaa kizito mlangoni, kama pazia. Kinapunguza sauti kidogo sana. Kinaongeza joto kidogo zaidi. Nimekitoa.

Ijumaa, 22 Machi

Nusu imepita. Haijawahi kufika hapa. Kimaro alifurahi kwenye simu, akaniita "mdogo wangu."

Wateja wameanza kuzoea. Bwana Nchimbi amesema barua zake sasa zinatangulia kufika kabla hajamaliza kuzifikiria. Natakiwa kufurahi. Nafurahi kidogo.

Jumapili, 24 Machi

Jumapili ya Matawi. Skolastika alibeba tawi kubwa kuliko yeye, akamchoma nalo mtu wa mbele yetu sikioni. Nikaomba radhi mimi.

Mama mkwe alinionyesha nguo mbili za mtoto alizoshona kubwa kidogo, za kuvaa mwakani. Akasema, "Kama utakuwa mbali, usihangaike kuleta." Alisema kwa upole. Nilishindwa kula.

Jumatatu, 25 Machi

Bado inakwenda. Mvua kubwa, radi. Umeme ulikatika asubuhi, betri ikaibeba. Hakuna kilichotetereka. Ni mashine nzuri. Nadhani nimeitendea haki.

Jumanne, 26 Machi

Mama mzazi wa Bwana Ngonyani amefariki alfajiri. Alikuwa anaishi naye nyuma ya mashine ya kusaga. Bibi mwembamba, alikuwa anakaa barazani akipepeta mchele, na kila asubuhi nilimpa shikamoo kutoka ng'ambo hii na yeye akainua ungo badala ya mkono.

Nimekwenda kutoa pole. Wameweka maturubai uani na mbele, mpaka ukingo wa barabara. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake ndani. Maziko kesho, wanasubiri ndugu kutoka Mbinga. Mtaa mzima hakuna redio.

Nilikaa kwenye benchi pamoja na wengine. Kutoka pale nilipokaa, seva yangu ilisikika vizuri sana. Ngonyani alikaa karibu nami. Hakusema lolote juu yake. Nilitamani aseme.

Kimaro amefika jioni kwa basi, miguu imevimba. Nimempeleka nyumba ya wageni. Aliuliza siku ngapi zimebaki. Nikasema mpaka keshokutwa. Akasema, "Safi."

Jumatano, 27 Machi

Asubuhi Kimaro alikaa mapokezi, akasoma taarifa za seva kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anajua kusoma. Alitingisha kichwa kwa kukubali mara nyingi. Mama Ponsiana alimpa chai. Alimuuliza kwao wapi, akasema Moshi, akaambiwa hata huku kuna baridi, ajifunike.

Mchana ndugu walifika. Misa ilikuwa nyumbani. Padre alisimama chini ya turubai, upande wa pili wa barabara, mkabala na mlango wetu. Nilikuwa naona midomo yake. Watu wa nyuma walikuwa wameinamisha vichwa mbele ili wasikie.

Mama Ponsiana alizima redio ambayo haikuwa imewashwa. Alikishika tu kile kidude cha redio, akakizungusha. Kisha akatoka.

Jeneza lilipoinuliwa, nilisimama. Nikatoa ufunguo mfukoni.

Kimaro akasema, "Komba. Imebaki siku moja."

Nikasema najua.

Nilikuwa najua vizuri. Nilikuwa naziona nguo zile mbili za Skolastika. Sikuwa na ujasiri wowote. Lakini nisingeweza kukaa na ule mngurumo. Sikuona namna ya kukaa nao.

Sikubonyeza swichi. Niliandika amri, ili ifunge kila kitu kwa utaratibu, barua kwanza, kisha diski, kisha yenyewe. Feni zikapunguza mwendo, zikasimama. Ndipo nikafungua kufuli nikazima kisanduku cha betri pia, kwa sababu nacho hulia mlio mwembamba.

Tukasikia wimbo. Wanawake wa Jumuiya walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini na wimbo ulikuwa umefika katikati, sijui ulianza lini.

Nilipotoka nilimkuta Kimaro yuko nje tayari, amesimama kando ya Mama Ponsiana, kofia mkononi. Tulisimama hivyo mpaka gari likapinda kona. Bwana Ngonyani alipita mbele yetu. Alituangalia sote watatu, kisha akaangalia mlango wetu, akainamisha kichwa kidogo.

Tulirudi ndani. Nikaiwasha. Imeinuka kabla Kimaro hajamaliza kufuta viatu. Alivuta kiti akakaa. Kisha akauliza barua zilizokuwa njiani zimekwenda wapi.

"Zimesubiri," nikasema. "Zilikokuwa zinatoka, zimesubiri huko huko. Sasa zinaingia."

"Zote?"

Tukakagua. Zote.

Jioni nilikwenda msibani tena, naye akaja, akakaa benchini na wanaume, wakamfundisha kula ugali na majani ya maboga kwa namna ya huku. Walimtania kwamba Wachaga wanakula na kikokotoo.

Alhamisi, 28 Machi

Leo ndiyo ilikuwa iwe siku ya kumaliza.

Kimaro amekuja mapema. Akaomba nimwachie seva, yeye aiangushe. Alichomoa waya na kuzima betri mzigo ukiwa juu kabisa. Ikainuka. Akaizima ikiwa bado inainuka, jambo baya zaidi. Ikainuka. Alifanya asubuhi yote, ananyanyua miwani, anachomoa, anasubiri. Mama Ponsiana akasema, "Jamani, mimi nilifungiwa kisanduku cha kuku kwa kuzima mara moja moja tu."

Barua mia kadhaa za majaribio. Tulizilinganisha moja moja, zilizotumwa na zilizofika. Hakuna iliyopotea, hakuna iliyokatika.

Kabla ya kwenda kuulizia basi aliniambia atajaribu kuwaeleza Dar. Kwamba hapa seva itazimwa, na umeme, na mvua, na watu, na kinachotakiwa ni iinuke nzima. Akasema haahidi. Wanaoamua wanapenda kuona wiki mbili, ni rahisi kuandika. Akauliza nitaandikaje sababu ya jana kwenye taarifa.

Nikasema: ilizimwa na mimi, kwa sababu ya maziko ya jirani.

"Andika ilizimwa na sisi," akasema. "Na mimi nilikuwepo."

Ibada ya Alhamisi Kuu jioni. Sikuwa na mawazo ya kusali. Nilikaa tu.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Mvua tupu, barabara ya Maposeni haipitiki, gari limegeuzia njiani. Sikumwona mtoto. Nimekula wali peke yangu. Editha alikuwa anaungua kidole kila akipika wali wa nazi, na kila mara alisema hajawahi kuungua kabla.

Jumatatu, 1 Aprili

Pasaka ya pili. Hakuna simu. Nimepanga nguo kwenye begi, kisha nimezitoa.

Jumatano, 3 Aprili

Kimaro amepiga. Walibishana siku mbili, amesema. Hakunieleza nani alisema nini.

"Inabaki. Kwa mwaka mmoja, kisha waangalie tena. Na wewe unabaki nayo."

Kipimo kimebadilika. Hawatahesabu siku. Watahesabu barua zilizopotea.

Niliishika simu baada ya yeye kukata. Mama Ponsiana aliniangalia usoni, akarudi kwenye ufagio wake, akaanza kuimba.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimeondoa kisanduku cha mbao. Kitufe cha mbele cha seva nimekifanyia marekebisho: ukikibonyeza mara moja, mfumo unajifunga wenyewe kwa utaratibu, hakuna kinachokatwa katikati. Nimemwonyesha Mama Ponsiana. Amejaribu. Akasubiri feni zisimame, akawasha tena.

"Sasa hii," akasema, "ungenionyesha tangu mwanzo."

Jumapili, 7 Aprili

Barabara imekauka. Maposeni.

Nimemwambia mama mkwe kwamba sitakwenda. Alikuwa anachambua mboga. Alisema "Ehe," akaendelea kuchambua. Baada ya muda aliingia ndani, nikasikia anapenga kamasi.

Skolastika na mimi tulikwenda kung'oa majani kaburini. Mvua imeyaotesha mengi. Anang'oa vibaya, anakata juu anaacha mizizi, nami nang'oa nyuma yake bila kumwambia. Aliuliza kama leo narudi Songea. Nikasema narudi. Akauliza kama Jumapili nitakuja.

"Nitakuja."

"Na ile nyingine?"

Nikasema na ile nyingine. Akaendelea kuuliza, na ile nyingine, na ile nyingine, mpaka ikawa mchezo, anacheka kwa pengo lake. Nilijibu kila moja.